Maji Yalikuwa Karibu na Hajiri

Somo: Mwanzo 21:14–19



Kila ninaposoma habari za Hajiri katika jangwa la Beer-sheba, nakwama pale maji yanapokwisha katika kiriba. Mwandishi wa Mwanzo hasemi mengi. Ibrahimu ameamka alfajiri, amempa mwanamke huyu mkate na kiriba cha maji, amemruhusu aende zake na mtoto. Wanatangatanga. Maji yanaisha. Mama anamlaza mwanawe chini ya kichaka, kisha anakwenda kuketi mbali, kwa sababu hawezi kumtazama akikata roho. Hapo ndipo anapoangua kilio. Jirani zetu Waislamu wanamkumbuka mama huyuhuyu kwa jina la Hajara, na mahujaji wanaofika Makka hupita kati ya Safa na Marwa kwa kukumbuka jinsi alivyohangaika huku na huko akimtafutia mwanawe maji.

Hatuhitaji kwenda jangwani kumwona Hajiri. Tumemwona kwenye benchi la zahanati, amempakata mtoto aliyeharisha tangu usiku. Macho ya mtoto yameingia ndani. Utosi umebonyea. Analia lakini machozi hayatoki. Muuguzi anamfinya ngozi ya tumbo taratibu, na ngozi inachelewa kurudi mahali pake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka magonjwa ya kuhara huua zaidi ya watoto 400,000 walio chini ya miaka 5. Wengi wao hufa kwa kukaukiwa maji, kama alivyokuwa akifa mtoto wa Hajiri.

Wiki hii naomba tukae na jambo moja tu katika somo hili. Mungu hakuchimba kisima siku ile. Maandiko yanasema alimfungua mama macho, naye akakiona. Kisima kilikuwapo wakati kiriba kinakauka, na kilikuwapo wakati mama analia. Nina sababu ya kulitaja jambo hili. Ndani ya utumbo wa kila mtoto Mungu aliweka njia ya maji ambayo binadamu hawakuijua kwa maelfu ya miaka. Macho yetu yalifunguliwa kuiona juzi tu, katika miaka ya 1960. Ili niwaonyeshe njia hiyo, naomba mnivumilie tuingie kidogo katika somo la baiolojia, hata wale ambao mara ya mwisho kulisikia ilikuwa kidato cha pili.

Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30. Ndani ya seli kuna kiini kinachotunza maelekezo ya urithi, kuna mitokondria zinazotoa nishati, kuna viwanda vya protini, na vyote vimo katika majimaji yenye chumvichumvi za namna mbalimbali. Kinachozuia vyote hivyo visimwagike ni utando mwembamba kupita tunavyoweza kufikiri. Unene wake ni nanomita 7 au 8 hivi, na nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Utando huo ni tabaka mbili za molekuli za mafuta. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakwepa, kwa hiyo vichwa hutazama nje na ndani kwenye maji, na mikia hukutana katikati. Hakuna anayezipanga, zikiwa ndani ya maji hujipanga zenyewe.

Tabaka hilo la mafuta katikati ndilo linaloamua nani apite. Hewa ya oksijeni hupita bila kuuliza, ikitoka ilikojaa kwenda ilikopungua. Hewa chafu ya kaboni hutoka kwa namna hiyohiyo. Lakini chembe ya sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya mezani, haiwezi kuvuka mafuta hayo. Glukosi pia haiwezi. Hata maji yenyewe huvuka kwa shida. Seli ingekuwa na utando wa mafuta matupu ingekufa njaa huku chakula kimeizunguka. Basi katika utando huo Mungu ameweka milango, nayo milango hiyo ni protini, kila mmoja na umbo lake na kazi yake.

Mlango wa maji ulitambuliwa mwaka 1992, na jinsi ulivyotambuliwa inanipa furaha kila ninapoikumbuka. Peter Agre na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walikuwa wameikuta protini fulani katika chembe nyekundu za damu, ila hawakuwa na hakika inafanya nini. Wakachukua mayai ya chura wa Kiafrika aitwaye Xenopus. Mayai ya chura hukaa katika maji ya bwawa siku nzima bila kuvimba, kwa kuwa utando wake haupitishi maji upesi. Wakayatia baadhi ya mayai hayo maelekezo ya kutengeneza ile protini, wakayaweka yote katika maji yasiyo na chumvi nyingi. Mayai ya kawaida yakatulia. Yale yenye protini yakaanza kuvimba mbele ya macho yao, na baada ya dakika chache yakapasuka. Mlango ulikuwa umefunguka. Mlango mmoja wa namna hiyo hupitisha molekuli za maji kwa mabilioni katika sekunde moja, moja nyuma ya nyingine, na bado chembe za haidrojeni zenye chaji, ambazo ni ndogo kuliko molekuli ya maji, hazipiti. Agre alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Kuna mlango mwingine, tuuite pampu, ambao hautulii hata tunapolala. Jens Skou wa Denmark aliueleza mwaka 1957, baada ya kuchunguza mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa. Kila unapozunguka unatoa nje chembe 3 za sodiamu na kuingiza chembe 2 za potasiamu, na kwa kazi hiyo unalipa nishati. Ulalapo usingizi, hufikiri lolote, huombi lolote, sehemu kubwa ya nishati ya mwili wako, pengine robo yake, inakwenda kwenye pampu hizo. Zikisimama, chumvi hujaa ndani, maji huifuata, na seli huvimba na kufa. Zaburi ya 121 inatuambia juu ya Mlinzi asiyesinzia. Mimi huikumbuka zaburi hiyo ninapowaza pampu hizi, kwamba Yeye asiyelala ametuwekea hata ndani ya seli walinzi wasiolala.

Sasa twende kwenye utumbo.

Kati ya chakula kilichomo tumboni na damu yako kuna safu moja tu ya seli. Moja. Kila siku lita kama 8 au 9 za majimaji huingia katika utumbo mwembamba: maji unayokunywa, mate, nyongo, na majimaji mengine ya kusagia chakula. Karibu yote hurudishwa mwilini kupitia safu hiyo, na kinachotoka katika choo ni kidogo sana. Maji hayo hayarudi kwa amri. Maji hufuata chumvi. Sodiamu ikipita kwenda ndani ya mwili, maji huandamana nayo. Sodiamu ikimwagika kuelekea utumboni, maji hutoka nayo.

Bakteria wa kipindupindu anaijua kanuni hiyo na anaitumia kuua. Yeye mwenyewe haingii katika seli. Hukaa juu yake na kutoa sumu. Sumu hiyo hujishika kwenye utando, sehemu yake moja huingia ndani, na huko huamuru mlango wa kloraidi, mwenzake sodiamu katika chumvi, ufunguke na usifungwe. Kloraidi inamwagika utumboni, sodiamu inaifuata, na maji yanafuata yote mawili. Ndiyo sababu choo cha mgonjwa hufanana na maji yaliyooshewa mchele, na mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kupoteza karibu lita nzima kwa saa. Aliyekwenda shamba asubuhi anaweza kuzikwa kesho yake. Watu wa Dar es Salaam wanaokumbuka Agosti 2015, kipindupindu kilipoanza jijini na baadaye kusambaa mikoani, hawahitaji kuelezwa.

Kwa muda mrefu waganga walijaribu kuwanywesha wagonjwa maji ya chumvi, na maji hayo yalipita moja kwa moja yakatoka. Kilichobaki kilikuwa dripu. Dripu huokoa kweli, lakini inataka chupa safi, sindano, na mtu aliyefunzwa kuupata mshipa uliokwisha kunywea. Kijijini vitu hivyo vilikuwa wapi? Wengi walikufa wakisubiri, na ndugu zao wakaketi mbali kama Hajiri.

Na kumbe kulikuwa na mlango ambao sumu haikuugusa.

Agosti 1960, mjini Prague, Robert Crane aliwaeleza wanasayansi wenzake kwamba glukosi haiingii katika seli za utumbo peke yake. Iko protini inayopokea sodiamu na glukosi kwa pamoja. Ikija chumvi bila sukari, mlango huo haufunguki. Ikija sukari bila chumvi, haufunguki. Zikija pamoja, chembe 2 za sodiamu na molekuli 1 ya glukosi, mlango unageuka na vyote vinaingia, na maji yanafuata nyuma. Mlango huu umo katika utumbo uleule unaomwaga maji kwa sababu ya kipindupindu, lakini sumu haiuzuii. Upande mmoja utumbo unavuja kwa nguvu, upande mwingine bado uko tayari kupokea.

Nimesikia mahubiri yanayoifanya chumvi kuwa kweli na sukari kuwa upole, na kwamba vinapaswa kuingia moyoni pamoja. Ni mahubiri mazuri na Zaburi ya 85 inayaunga mkono. Lakini leo naomba chumvi ibaki chumvi na sukari ibaki sukari, kwa kuwa kuna mtoto anayehitaji kunywa. Kinachonishangaza mimi ni kwamba mlango ule haukuwekwa kwa ajili ya kipindupindu. Uliwekwa kwa ajili ya chakula. Ni mlango uleule unaopokea utamu wa ndizi na uji kila siku, tukiwa wazima na bila habari nao. Rehema ilikuwa imewekwa katika jambo la kawaida kabisa, muda mrefu kabla ya siku ya hatari.

Mwaka 1968 mjini Dhaka, madaktari vijana wawili, David Nalin na Richard Cash, walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wakinywa maji yenye glukosi na chumvi kwa vipimo, hitaji la dripu hupungua sana. Madaktari wengi hawakushawishika. Dawa ya kunywa kwa kikombe? Tena sukari na chumvi? Namwona hapa Naamani wa 2 Wafalme 5, aliyekasirika kwa kuwa tiba aliyopewa ilikuwa rahisi mno kwa mtu wa cheo chake. Urahisi wa dawa umewafanya watu wengi waidharau, na dharau hiyo imeua.

Kisha ikaja 1971. Vita viliwafukuza mamilioni ya watu kutoka Pakistan Mashariki, nchi tunayoiita Bangladesh leo, wakavuka kuingia India. Katika hospitali ya Bangaon, karibu na mpaka, wagonjwa wa kipindupindu walijaa hadi sakafuni. Daktari Dilip Mahalanabis alikuwepo. Alieleza baadaye kwamba ili kumwekea mgonjwa dripu ilikulazimu upige magoti katika matapishi na kinyesi. Chupa za dripu zikakaribia kwisha. Hakusubiri ruhusa ya mtu. Yeye na wenzake wakapima glukosi, chumvi na bikaboneti ya sodiamu katika vifuko vya plastiki huko Kolkata, wakavifunga, wakavisafirisha hadi Bangaon, wakakoroga katika mapipa yenye bomba. Wakawapa ndugu wa wagonjwa vikombe, wakawaambia: wanywesheni. Kabla ya hapo, kati ya wagonjwa 100 walikuwa wakifa 20 hadi 30. Kati ya waliotunzwa kwa njia ile, walikufa chini ya 4 kati ya 100.

Waliowanywesha walikuwa mama, dada na waume. Hawakuwa wauguzi. Aliyeketi mbali akilia aliitwa aje karibu, akapewa kikombe mkononi. Mwaka 1978 jarida la The Lancet liliandika kwamba ugunduzi wa namna chumvi na glukosi zinavyoingia pamoja huenda ukawa hatua kubwa kuliko zote za tiba katika karne ile. Mahalanabis alifariki Oktoba 2022, na wengi waliookolewa kwa pakiti ya ORS, yaani unga huo wa chumvi na glukosi, hawajawahi kusikia jina lake.

Naandika pia kwa sababu ya Goma. Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka na kuingia katika mji huo wa Kongo, na kwa siku chache kipindupindu kikawa kati yao. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano, haichimbiki choo wala kaburi kwa urahisi. Maji waliyoyapata wengi ni ya Ziwa Kivu, bila kutibiwa. Katika mwezi wa kwanza inakadiriwa walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara. Ilikuwa miaka 23 baada ya Bangaon. Ujuzi ulikuwapo, pakiti zilikuwapo duniani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka uliofuata ulitaja sababu za vifo vingi katika vituo vya tiba: wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, dawa ya kunywa haikutumika ipasavyo, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu. Waliofanya uchunguzi huo ni madaktari kutoka Bangladesh, watu wa nchi ileile ambayo wakimbizi wake walinyweshwa Bangaon. Walikuwa wamesafiri hadi Goma kuja kusaidia. Kwangu mimi habari hiyo ni Injili iliyotembea: waliopewa kikombe wakabeba kikombe.

Turudi kwa Hajiri. Baada ya Mungu kumfungua macho, nani alichota maji? Mama. Alikwenda, akajaza kiriba, akamnywesha kijana. Mungu aliyesikia sauti ya mtoto hakumwaga maji kinywani mwake kutoka mbinguni. Alimpa mama macho ya kuona, na kazi akamwachia mama.

Nalisema hili kwa uchungu, maana kuna watoto wanaokufa katika nyumba zinazoomba. Mtoto anaharisha, anatapika, na wakubwa wanakubaliana kwanza wakeshe katika maombi, au wasubiri mtumishi afike, au wamnyime maji wakidhani maji ndiyo yanayoongeza kuhara. Kumnyima maji mtoto anayeharisha ni kosa kubwa. Kuomba si kosa kamwe. Lakini maombi yanayomzuia mtoto kunywa hayamheshimu Mungu aliyeuweka ule mlango tumboni mwake. Mtumishi yeyote anayemwambia mama aache ORS ili kuonyesha imani, anamkataza Hajiri asiende kisimani.

Basi nifundishe kidogo, kama mchungaji anavyopaswa. Pakiti ya ORS ya sasa hukorogwa katika lita 1 ya maji safi ya kunywa, yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa. Ndani yake mna glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, kloraidi ya potasiamu gramu 1.5 na sitreti gramu 2.9. Vipimo hivyo vina sababu, kwa hiyo usigawanye pakiti kwa kukisia. Ukiwa huna pakiti, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ukoroge hadi viyeyuke. Usizidishe chumvi, inaweza kumdhuru mtoto. Usizidishe sukari, maana sukari ikijaa utumboni huvuta maji kutoka mwilini, na kuhara huzidi. Kwa sababu hiyo soda haifai. Mpe kidogokidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zahanati watakupa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Mpe hadi viishe hata kama kuhara kumekoma. Akilegea, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, usingoje asubuhi. Kikombe hakichukui nafasi ya zahanati. Kinamfikisha mtoto akiwa hai.

Nafahamu kwamba kufundisha mara moja hakutoshi. Huko Bangladesh, kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru, na kwa miaka kumi walifikia zaidi ya kaya milioni 12. Malipo ya mwalimu yalitegemea kile mama alichokumbuka walipokuja wakaguzi baadaye. Natamani mafundisho yetu kanisani nayo yapimwe hivyo. Nikihubiri saa nzima na mama akatoka bila kukumbuka nusu kijiko cha chumvi, sijafundisha.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa jumuiya: katika ibada ya nyumbani ya wiki hii, baada ya kusoma Mwanzo 21, mwiteni mhudumu wa afya wa mtaa wenu au mmoja wenu aliyefunzwa, mkoroge maji haya ya sukari na chumvi pamoja, kila mmoja aonje. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwageni mwanze upya. Wafundisheni baba pia, na wasichana na wavulana wanaobaki na wadogo zao mchana. Kila nyumba iwe na pakiti 2 za ORS mahali panapojulikana. Na mtoto akianza kuharisha usiku, mpeni anywe palepale, mwende zahanati, na mwombe mkiwa njiani.